Kanda 19 za marehemu baba, na akina Bruce waliomo ndani

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Morogoro. Baba yetu alifariki mwaka jana, na katika vitu vyake tumekuta sanduku la bati lenye kanda 19 za video, zote zimeandikwa Bruce Lee. Tulipokuwa wadogo alikuwa akituwekea kila Jumapili, na nimekua nikijua kwamba Bruce Lee nimemwona kwa ukamilifu. Sasa mwanangu wa kidato cha tatu ananiambia Bruce Lee alimaliza filamu nne tu kabla ya kufa. Nimeazima deki nikaziangalia upya. Katika moja, Bruce Lee yuko kuzimu anapigana na Dracula. Katika nyingine wako watatu kwa mpigo. Na sura, nikiitazama kwa macho ya utu uzima, naona si ile. Je, mzee alitapeliwa? Hao ni akina nani? Na kanda hizi zina maana yoyote, au nizitupe?

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Usizitupe. Nalisema hilo kabla ya yote, maana sanduku la bati likishatolewa uani halichelewi kuondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kijana wako kasema kweli. Filamu za kung fu ambazo Bruce Lee alikuwa stelingi na akazimaliza ni nne. Ya kwanza ni The Big Boss ya 1971, iliyopigwa Thailand. Ikafuata Fist of Fury ya 1972, ile anayoingia peke yake kwenye chuo cha Wajapani, akawapiga wote, kisha akawalisha karatasi ya matusi waliyowaandikia Wachina. Mwaka huohuo akatoa The Way of the Dragon, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, inayofika kileleni kwa pigano lake na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma. Ya nne ni Enter the Dragon ya 1973, ile ya chumba cha vioo. Ya tano, Game of Death, aliianza mwaka 1972 akaiweka kando ili akafanye Enter the Dragon, na hakupata kuirudia. Kabla ya hapo alikuwa amecheza filamu nyingi Hong Kong akiwa mtoto, lakini hizo si za mateke, na Marekani alicheza Kato, msaidizi wa shujaa, kwenye tamthilia ya televisheni ya The Green Hornet mwaka 1966 na 1967.

Kuna mtego mmoja hapa, nao umewachanganya hata wajuzi. Marekani filamu hizi zilibadilishwa majina. The Big Boss iliitwa Fists of Fury, kwa hiyo inatofautiana kwa herufi moja tu na ile ya pili. Ile ya pili yenyewe ikaitwa The Chinese Connection, na The Way of the Dragon ikaitwa Return of the Dragon. Ukikuta majina hayo kwenye sanduku, usiyahesabu kama filamu nyingine. Inawezekana mzee alikuwa na Bruce Lee halisi wawili au watatu humo ndani, na hao ni mali.

Zilizobaki ndizo unazoniuliza.

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32, kwa kuvimba ubongo. Enter the Dragon ilikuwa bado haijaingia kwenye kumbi. Yaani dunia ilimpokea kwa shangwe kubwa kuliko zote wakati yeye ameshazikwa Seattle. Jiweke kwenye nafasi ya mwenye ukumbi wa sinema wa wakati ule, awe Manila, awe Cairo au Dar es Salaam. Watu wamejipanga mpaka barabarani wanamtaka Bruce Lee, na wewe unazo filamu nne, umeshazionyesha mpaka utepe umejaa viraka. Unampigia msambazaji. Msambazaji naye anawapigia watu wa Hong Kong. Na Hong Kong, Taiwan na Korea Kusini zilikuwa na studio ndogondogo zinazoweza kupiga filamu nzima ya mateke kwa siku chache, nje kwenye jua la bure, kwenye machimbo ya mawe na vichakani, bila kurekodi sauti hata neno moja. Sauti ziliingizwa baadaye studioni, na muziki mara nyingi ulichukuliwa kwenye filamu za watu wengine bila kuomba ruhusa. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu, jina.

Jina nalo likapatikana. Kwa Kichina, jina la sinema la Bruce Lee lilikuwa Li Xiaolong, na Xiaolong maana yake joka dogo. Basi watayarishaji wakawatafuta vijana wenye mwili wa mazoezi, nywele zikashushwa usoni, wakavishwa miwani mikubwa ya jua, wakabandikwa Bruce mbele na kitu kinachokaribia Lee nyuma. Kwa Kichina walifanya ufundi uleule: Xiaolong ikabaki, ikabadilishwa herufi ya jina la ukoo. Mwingine aliandikwa Li Xiaolong vilevile kimatamshi, ila Li yake ni ya herufi nyingine. Msomaji mwenye haraka, akiwa mlangoni na hela mkononi, hawezi kuona tofauti.

Niwataje sasa mmoja mmoja, na nitawataja kwa majina waliyopewa na wazazi wao, kwa sababu hilo ndilo linalonikereketa miaka yote hii. Watu hawa walipigana kweli, walianguka kweli, walivunjika kweli, na ukiuliza leo ni nani yule, utajibiwa "Bruce Lee feki".

Wa kwanza ni Ho Chung-tao wa Taiwan, ambaye mabango yalimwita Bruce Li. Alikuwa na elimu ya ualimu wa michezo, na alianza sinema kwa kuanguka badala ya mastaa. Naamini zaidi ya nusu ya kanda za mzee ni zake, maana ndiye aliyetafutwa kuliko wote. Mwaka 1975 alicheza Goodbye Bruce Lee: His Last Game of Death, na hadithi yake ni kijana anayeombwa aimalizie filamu ambayo Bruce Lee hakuimaliza. Anapanda ghorofa kwa ghorofa ndani ya ile nguo ya njano yenye mstari mweusi, aliyoivaa Bruce Lee kwenye Game of Death. Hiyo ilitoka miaka mitatu kabla wenye Game of Death yenyewe hawajaitoa ya kwao. Mwaka 1976 akacheza maisha ya Bruce Lee katika Bruce Lee: The Man, The Myth, iliyoongozwa na Ng See-yuen, na kwangu mimi hiyo ndiyo bora katika kundi zima. Imepigwa kwa utulivu, na Ho anamwigiza marehemu kwa heshima. Mwisho wake unataja uvumi mbalimbali kuhusu kifo, ukiwemo kwamba Bruce Lee hakufa bali amejificha, na atarudi mwaka 1983. Kama mzee wako aliwahi kukuambia "Bruce Lee yuko hai, kajificha", usishangae alikoipata.

Itafute Dynamo ya 1978 kwenye sanduku. Ho anacheza dereva wa teksi ambaye kampuni ya matangazo inamwokota mtaani, inamfundisha mateke na kumtengeneza awe Bruce Lee mpya ili auze bidhaa. Filamu yenyewe ina mapungufu mengi, lakini mimi kila nikiiangalia namwona mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe kupitia mdomo wa dereva wa teksi. Katika mahojiano ya baadaye alieleza kwamba angeweza kumwigiza Bruce Lee kwenye skrini, lakini hakuna mtu ambaye angeweza kumfanya awe Bruce Lee. Mwaka 1981 aliongoza filamu yake, The Chinese Stuntman, kuhusu wale wanaoumia badala ya stelingi, na ndani yake alimweka Dan Inosanto, rafiki na mwanafunzi wa Bruce Lee halisi. Kisha aliiacha sinema akarudi kwenye ualimu wa michezo.

Wa pili ni Huang Jianlong, aliyezaliwa Burma na kuitwa Bruce Le. Tofauti ya herufi moja na Bruce Li, na kwenye kava lililofifia huwezi kuwatenganisha. Kwa umbo na mwendo huyu ndiye aliyemkaribia zaidi Bruce Lee: kile kidole gumba kinachopangusa pua, ule mruko wa nyayo kabla ya teke, mikunjo ya uso. Alitokea studio ya Shaw Brothers, na yumo kwenye The Super Inframan ya 1975, ile ya shujaa mwenye vazi jekundu anayepambana na mazimwi. Baadaye akawa anajiongoza mwenyewe, na katika Challenge of the Tiger ya 1980 anapigana mpaka na fahali. Kama unayo yenye fahali, ni yeye.

Wa tatu Mkorea, Moon Kyung-seok, jina la sanaa Dragon Lee. Utamtambua kwa kifua. Alikuwa amejengeka kuliko Bruce Lee mwenyewe, na msuli wake mgongoni ulikuwa kama ubao wa bao.

Sasa twende kuzimu, kwa Dracula. Hiyo ni The Dragon Lives Again ya 1977. Bruce Lee amekufa, anaamkia mbele ya mfalme wa kuzimu, na huko anakuta kundi la wababe wanaotaka kuipindua serikali ya wafu: Dracula, James Bond, yule kipofu Mjapani mwenye panga Zatoichi, Godfather, na mtu wa Clint Eastwood mwenye kofia. Upande wake anasimama Popeye, yule baharia wa spinachi. Najua ikisimuliwa hivi inaonekana wendawazimu, na mtoto wako bila shaka alicheka. Lakini itazame kama mimi ninavyoiona. Wote hao walikuwa mastaa wa kumbi za sinema za miaka ile, kila mmoja kutoka nchi yake. Mtayarishaji maskini wa Hong Kong amewaita wote mahali pamoja wapigwe na kijana mmoja wa Kichina. Mtazamaji wa Hong Kong au wa Magomeni, aliyezoea kuona shujaa ni Mzungu, alikuwa anapata kitu pale.

Na aliyekuwa ndani ya nguo hizo ni Leung Siu-lung wa Hong Kong, mabango yakimwita Bruce Leung au Bruce Liang. Ile Siu-lung ni Xiaolong hiyohiyo kwa matamshi ya Kikantoni. Mwonyeshe kijana wako Kung Fu Hustle ya 2004. Kuna yule mzee mwenye upara, fulana nyeupe na kandambili, anayetolewa kifungoni na ndiye hatari kuliko wote, anayetua chini kama chura kabla ya kuruka. Ndiye huyo. Miaka ishirini na saba baada ya kupigana na Dracula, mateke bado yamo. Katikati hapo, miaka ya 1980, alikuwa amemcheza Chen Zhen, yule shujaa wa Fist of Fury, kwenye tamthilia za televisheni za Hong Kong, na China Bara walimpenda sana. Huyu angalau alipata kufahamika kwa sura yake.

Ile ya watatu kwa mpigo ni The Clones of Bruce Lee. Bruce Lee anafariki, profesa anachukua chembe za mwili wake na kuzalisha nakala hai tatu. Nakala hizo ni Dragon Lee, Bruce Le na mwingine aliyeitwa Bruce Lai, na kule Thailand wanaongezewa Bruce Thai. Wanapambana na watu waliogeuzwa kuwa shaba, kisha profesa mwenyewe anaingiwa na tamaa na kuwaamuru wapigane wao kwa wao. Ni filamu duni, sitakudanganya. Taa ni mbaya, hadithi inarukaruka. Ila hakuna nyingine iliyoitangaza biashara hii waziwazi namna hiyo: maiti ya mtu mmoja, chembe zake zinachotwa, wanatolewa wengi wa kuuzwa, kisha wanapambanishwa.

Kuna na ulaghai mtupu, ambao sina neno la kuutetea. Mwaka 1976 Wakorea walitengeneza filamu ya kawaida kuhusu Mkorea anayefika Los Angeles na kukuta ndugu yake amekufa. Stelingi wake, Jun Chong, alikuwa mwalimu wa taekwondo hukohuko Los Angeles. Msambazaji wa Marekani akainunua, akaipa jina Bruce Lee Fights Back from the Grave, na mwanzoni akabandika kipande kifupi: kaburi, radi inapiga, mtu anachomoka ardhini. Baada ya hapo hakuna tena Bruce Lee wala kaburi. Mwalimu wa watu alifanya kazi yake kwa uaminifu, akajikuta amegeuzwa mzimu bila hata kuulizwa.

Usidhani lakini kwamba waliofanya haya ni wale wadogo peke yao. Game of Death ya 1978 ilitolewa na Golden Harvest, kampuni iliyotoa filamu za Bruce Lee mwenyewe. Walikuwa na mapigano aliyoyapiga mwaka 1972 kwenye lile jengo la ghorofa, likiwemo la Kareem Abdul-Jabbar, mcheza kikapu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Wakaandika hadithi mpya kabisa, wakamchukua Mkorea Kim Tai-chung awe Bruce Lee kwa mbali na kwa mgongo, na Yuen Biao apige sarakasi. Sehemu ambayo Bruce Lee mwenyewe anaonekana akipigana haifiki hata robo saa. Nenda kwenye tukio la chumba cha kuvalia, mapema kwenye filamu. Stelingi amekaa mbele ya kioo, anazungumza na adui. Simamisha kanda hapo. Ule uso kwenye kioo haupepesi. Shingo ni ya mtu mmoja, na uso ni picha ya Bruce Lee iliyokatwa ikabandikwa juu ya kioo. Na mbele kidogo, pale hadithi inapohitaji mazishi, wametumia picha za msiba wake halisi, jeneza likiwa wazi. Nimeitazama mara nyingi sana kwa kazi yangu, na kila nikifika hapo naona aibu kwa niaba yao. Ho Chung-tao hajawahi kufanya kitu kibaya kama kile.

Kim Tai-chung huyo utamkuta tena, na nina hakika ulishamwona. Unaikumbuka No Retreat, No Surrender ya 1986? Kijana wa Kimarekani anapigwa na kudharauliwa, analia kwenye kaburi la Bruce Lee, na usiku mzimu wa Bruce Lee unamtokea na kumfundisha, mpaka anampiga yule Mrusi aliyechezwa na Jean-Claude Van Damme. Mzimu ule ni Kim.

Kwa hiyo utawatenganishaje? Alama rahisi kuliko zote ni ile nguo ya njano. Katika filamu nne alizozimaliza Bruce Lee hakuivaa hata mara moja. Ni ya Game of Death tu. Ukimwona mtu wa njano anakimbia mtaani au msituni, huyo ni mwingine. Alama ya pili iko kwenye pigano lenyewe. Bruce Lee hakupenda mabishano marefu ya mikono. Anasimama kimya, anasubiri, mapigo matatu na mtu yuko chini, na kamera imekaa mbali ili umwone kuanzia nywele mpaka soli. Hawa wengine walifundishwa kwa mtindo wa Hong Kong wa kawaida: piga, kinga, piga, kinga, mapigo arobaini bila kupumzika, na makelele ya "waaa" hata pale pasipo na sababu. Mara nyingi pia kamera iliendeshwa taratibu wakati wa kupiga ili mwendo uonekane wa kasi ukumbini, na ukitazama majani ya miti nyuma yao utayaona yanatetemeka kuliko upepo wa kawaida. Bruce Lee alikuwa na tatizo la kinyume: inasimuliwa tangu siku za Kato kwamba aliombwa apunguze kasi ili kamera imwone.

Yupo na aliyewahi kusukumwa kwenye mkumbo huo akachomoka. Jackie Chan alikuwa mmoja wa wale vijana waliokuwa wakianguka kwenye Fist of Fury na Enter the Dragon. Mwaka 1976 Lo Wei, mwongozaji wa filamu mbili za kwanza za Bruce Lee, akamweka kwenye New Fist of Fury, amnunie adui kama marehemu alivyonuna. Jina lake la Kichina la tangu hapo, Sing Lung, lina joka ndani yake, maana yake kuwa joka. Watu hawakuvutiwa. Mwaka 1978 akapewa nafasi ya kuwa yeye: akapigwa, akalia, akalewa, akachekesha, ndani ya Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master. Mtayarishaji alikuwa yuleyule Ng See-yuen wa The Man, The Myth. Mwaka huohuo Sammo Hung alicheza Enter the Fat Dragon, kijana mnene wa shamba anayempenda Bruce Lee kwa dhati, na humo kuna tukio anamwadhibu mwigizaji anayejifanya Bruce Lee mbele ya kamera. Baada ya hapo soko la akina Bruce likaanza kupoa, ingawa kanda zake ziliendelea kuzunguka kwetu kwa miaka mingine mingi.

Huku kwetu zilifikaje? Nitakueleza nilichokiona. Nilipokuwa kijana nilikuwa msaidizi wa opareta kwenye ukumbi mmoja wa sinema wa pwani, kazi yangu ni kurudisha utepe na kuunga ulipokatika. Siku moja tuliletewa filamu, bango limeandikwa Bruce Lee kwa herufi za futi moja. Ukumbi ukajaa mpaka ngazini. Kwenye chumba cha mashine nilikuwa na kitundu kidogo cha kuchungulia. Dakika kumi hazikupita, nikasikia sauti kutoka viti vya mbele, vile vya bei ya chini: "Siye huyo!" Wengine wakaitikia, "Siye! Siye!", miluzi ikaanza, nikaogopa watavunja viti. Kwenye skrini Ho Chung-tao akaruka, akapiga teke la kuzunguka, akatua kwa mguu uleule. Kukawa kimya. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na kofia yake ya kufuma akasema kwa sauti, "Siye, lakini mtazameni huyo mtoto." Wakamtazama mpaka mwisho, na walitoka wakirushiana mateke kama kawaida. Kesho yake nusu yao walirudi na kiingilio mkononi, wakijua kabisa kwamba siye.

Video zilipokuja, hali ikabadilika. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, basi aliyekuwa na deki alikuwa na dunia nzima sebuleni. Kanda zilirekodiwa kutoka kanda, nakala ya nakala ya nakala, mpaka sura inakuwa kivuli cha kijani. Hapo hata mimi nisingeapa ni Li au Le. Maduka ya kukodisha yalitengeneza kava kwa kukata picha. Nimewahi kushika kanda yenye Bruce Lee wa Enter the Dragon usoni, kifua wazi, ile michirizi ya kucha imetiririka damu, na ndani yumo Dragon Lee. Kwenye mabanda ya video nako walikuwapo watafsiri, na kwa mtafsiri stelingi yeyote wa Kichina mwenye nanchaku alikuwa Bruce Lee, kwa kuwa ndilo jina ambalo wote tulilijua.

Jina hilo halijaacha kuzaa. Nenda Wakaliga, Kampala, kwa Isaac Nabwana, anayetengeneza filamu za mapigano kwa vyuma chakavu na kompyuta za kuunganisha mwenyewe. Kwenye Who Killed Captain Alex? ya 2010, ndugu yake kapteni ambaye ni fundi wa kung fu anaitwa Bruce U. Yule anajulikana waziwazi ni Mganda, ni Bukenya Charles, na hakuna anayedai vinginevyo. Nafurahi kwamba safari hii jina la kuazima limemwinua mwenyewe bila kumfunika.

Je, mzee alitapeliwa? Kwenye kava, ndiyo. Aliyeandika bango na aliyekata ile picha walijua wanachokifanya. Lakini baba yenu Jumapili hakuwa akitazama kava. Alikuwa akitazama watu waliotoa jasho kweli, na kama alikuwa mtu wa mapigano hata kidogo, nadhani alikuwa akijua kuliko mlivyodhani. Waulize wenzake aliokuwa akitazama nao.

Kuhusu kanda zenyewe. Kwa pesa, usitarajie makubwa. Kwa kumbukumbu, zina uzito, kwa sababu filamu nyingi za namna hii zilibadilishwa majina na kukatwakatwa kila nchi zilikopita, na nakala yenye kipande kisichopatikana kwingine huweza kutokea popote, hata Morogoro. Mwaka 2023 ilitoka filamu ya kumbukumbu, Enter the Clones of Bruce, ya David Gregory, ambapo wazee hawa wanahojiwa kwa majina na sura zao, kwa hiyo kuna watu duniani wanaozitafuta hizi kwa mapenzi.

Kabla hujarudisha hata moja kwenye deki, ichungulie kupitia kile kidirisha cha juu. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiicheze, itachafua vichwa vya deki na kuziambukiza nyingine, itenge. Zisizo na ukungu zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua na joto la bati, na tafuta fundi mwenye kifaa cha kuingiza video kwenye kompyuta, azirekodi zote mapema. Mgongoni mwa kila kanda kuna kijimeno cha plastiki. Kikiwepo bado, kivunje, ili mtu asije akarekodi harusi juu yake. Wakati wa kurekodi, majina ya mwanzoni yasikatwe, hata yakiwa ya Kichina na yamefifia. Hapo ndipo penye majina yao halisi. Yapige picha kwa simu unitumie, zote 19, na niandikie pia kilichoandikwa kwa mkono wa mzee kwenye lebo. Nikishazisoma nitakurudishia orodha: kanda hii ni ya Ho, hii ya Huang, hii ya Leung.